Haki ya Mkimbizi Kuonyeshwa Soko

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, tunamtaka msaada na tunamtaka msamaha, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na Sahaba zake, wale waliohama na wale waliowapokea waliohama. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji wetu mlio majumbani. Maneno yetu ya leo yanahusu watu walio miongoni mwetu. Wanaswali nasi safu moja, watoto wao wanasoma chuoni pamoja na watoto wetu, lakini tukiulizwa majina yao wengi wetu hatuyajui. Ni jamaa za Kiislamu zilizokimbia makwao kwa vita, kwa njaa au kwa dhuluma, zikaja kukaa katika mitaa yetu. Kwamba yatupasa kuwasaidia, hilo tumelisikia mara nyingi, na hapana Mwislamu anayelibisha. Tunalotaka kulieleza leo ni kuwa msaada wenyewe ni kitu gani, kwani tumezoea kudhani kuwa ukishampa mgeni sahani ya wali na shuka ya kujifunika umekwisha haki yake, ilhali Sharia na Sira ya Mtume (S.A.W.) zinatuonyesha kuwa hapo ndipo haki yake inapoanza.

Na tuanze na habari ambayo kila aliyekaa chuoni ameisikia. Katika mwaka 622 wa Miladi Waislamu wa Makka walihamia Madina. Waliacha nyumba, mifugo, biashara, na wengine waliacha wake na watoto. Suhaibu Rumi alifuatwa na Makureshi njiani, akawaachia mali yake yote aliyoichuma kwa miaka ili wampishe apite. Watu hawa walipofika, Mtume (S.A.W.) alikutanisha Muhajirina na Ansari nyumbani kwa Anas bin Malik, akawaunganisha udugu, mtu na mwenziwe. Wanavyuoni wa Sira wametaja kuwa walikuwa watu kama 90, nusu hawa na nusu hawa. Abdulrahman bin Auf akaunganishwa na Saad bin Rabii, naye Saad alikuwa katika matajiri wa Madina. Saad akataka kumgawia ndugu yake nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea Mwenyezi Mungu ambarikie mali yake na ahli zake, kisha akataka jambo moja tu, nalo ni kuonyeshwa soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqaa. Akaenda, akauza na kununua, akarudi jioni na samli na maziwa yaliyokaushwa. Hazikupita siku nyingi, Mtume (S.A.W.) akamwona ana athari ya manukato ya rangi ya manjano, akamwuliza kulikoni, akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Akaamrishwa afanye karamu ya arusi, japo kwa mbuzi mmoja.

Aghalabu tukiisimulia habari hii tunamsifu Saad kwa ukarimu, tunamsifu Abdulrahman kwa kutopenda kuwa mzigo, kisha tunaigeuza kuwa fimbo ya kuwachapia wakimbizi. Tunasema: mbona hawa hawafanyi kama alivyofanya Abdulrahman? Nasi tunaoyasema haya tumewahi kulitamka neno hilo juu ya mimbari, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe. Kwani tulisahau mambo mawili. La kwanza, Abdulrahman alipotaka kuonyeshwa soko, alionyeshwa. Hapana aliyemwambia kuwa soko lina wenyewe, wala aliyemdai kitu kidogo kabla ya kumpa nafasi ya kuweka samli yake chini. La pili, ile nusu ya mali ilikuwapo kweli, Saad hakuisema kwa kupendeza wasikiao. Mtu ajuaye kuwa watoto wake hawatalala na njaa usiku wa leo anaweza kusimama sokoni akangoja bei ya haki. Asiyejua atakula nini usiku atauza kwa bei yoyote, nasi wenyeji tutaiita biashara.

Hapa ndipo ilipo hatari, na Mtume (S.A.W.) aliiziba. Ilikuwapo desturi kwa wafanyabiashara wa mjini kutoka nje ya mji kuilaki misafara inayokuja na bidhaa kutoka mbali. Waliinunua bidhaa huko njiani, kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Mtume (S.A.W.) akalikataza jambo hilo, na akampa yule aliyeuza njiani hiari ya kuivunja biashara akishafika sokoni. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza kuwa sababu ya katazo hilo ni madhara yanayompata mgeni kwa kutojua kwake bei. Litazameni jambo hili, ndugu zangu. Mwuzaji ameuza kwa ridhaa yake, hakupigwa wala hakuibiwa, na juu ya hayo Sharia imempa haki ya kurudi kudai, kwa kuwa mwenyeji aliutumia ujinga wa mgeni kuwa ndio faida yake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mfanyabiashara aliyetoka kwake kwa hiari na ngamia wake wamesheheni, itakuwaje kwa mama aliyetoka kwake usiku akiwa na watoto na vikuku vyake tu?

Tuliyaona haya kwa macho yetu. Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa Mogadishu, na vita vikaenea kusini mpaka Barawa. Watu wa Barawa wakakimbia kwa majahazi na mashua, wakashuka katika miji yetu ya pwani ya Kenya, na walikuwamo waliozama kabla ya kufika. Hapa Mombasa zikawekwa kambi pembezoni mwa mji, iliyo mashuhuri ikiwa ya Utange. Sisi tulikuwa vijana wa chuo wakati ule, tukitumwa kubeba magunia ya mchele na madebe ya mafuta. Watu walitoa, na tunashuhudia hivyo mbele ya Mwenyezi Mungu: walitoa wenye maduka, wakatoa na wachukuzi wa bandarini. Lakini katika wiki zile zile tuliwaona wanawake wa Kibarawa wakiuza dhahabu zao, kidani alichotunzwa mtu siku ya harusi yake, kwa bei ambayo mwanamke wa mjini angaliambiwa angalicheka. Sonara mmoja tuliyekuwa tukimjua alituambia bila ya haya kuwa huo ulikuwa mwaka wake mzuri. Naye ndiye aliyetoa magunia matano ya mchele siku ya Ijumaa, tukamwombea dua kwa sauti. Hakuna katika sisi aliyesimama mlangoni mwa duka lile kuwaambia akina mama wale bei ya dhahabu ilikuwa kiasi gani siku hiyo. Lilikuwa jambo la kuchukua dakika moja, wala lisingetugharimu hata senti.

Na hao Wabarawa hawakuwa wageni kwetu kwa maana ya watu tusiowajua asili yao. Lugha yao ya Chimiini ni ndugu ya Kiswahili chetu. Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, aliyefariki mwaka 1869, alitoka kwao, akawa kadhi Unguja. Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, aliyefariki mwaka 1896, alizaliwa Barawa vilevile, akapewa ukadhi Kilwa akiwa bado kijana, kisha Unguja. Na Sheikh Uways, aliyeuawa mwaka 1909, ndiye ambaye kwa mikono yake tarika ya Kadiria ilienea sana katika visiwa na bara. Wazee wetu wa karne ile mtu akishuka jahazini walimwuliza amesoma nini na kwa nani, wakampa mahali pa kukaa kwa kadiri ya elimu yake.

Sisi hatukuuliza. Katika jamaa zilizowekwa katika madrasa yetu alikuwapo mzee mmoja aliyekuja na binti yake na wajukuu. Katika daftari letu la posho tulimwandika hivi: "mzee, watu 6". Alikaa nasi miezi saba, akiswali safu ya nyuma, akipokea kibaba chake kama wengine. Ikatokea mirathi iliyotatiza, mtu amekufa, na kabla mali haijagawanywa wamekufa warithi wake wawili mmoja baada ya mwingine, na walimu wetu wakahitilafiana mafungu kwa siku mbili. Mjukuu wa yule mzee, mtoto wa miaka kumi hivi, akasema kuwa babu anazijua hesabu hizo. Mzee akaomba kalamu. Karatasi haikuwapo karibu, akaandika juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na kabla ya adhana ya Alasiri mafungu yalikuwa yamekaa sawa. Kumbe amesomesha fikihi kwao miaka thelathini! Tulipomwuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo, alisema kuwa mtu anayelishwa na msikiti kinywa chake kinakuwa kizito kuwasahihisha watu wa msikiti. Alitusomesha kila baada ya Magharibi mpaka jamaa yake ilipopelekwa Marekani, wakati kambi za pwani zilipokuwa zikifungwa. Miezi ile saba tuliipoteza sisi wala hakuipoteza yeye.

Basi kuonyeshwa soko kuna maana pana kuliko mahali pa kuuzia samli. Ni kumjulisha mgeni yale ambayo mwenyeji anayajua bila ya kufikiri: bei ya kodi ya chumba katika mtaa huu, dalali mwaminifu na dalali mwongo, hospitali inayopokea mama mjamzito usiku, shule itakayomchukua mtoto asiye na karatasi, na ofisi ya serikali ya kujiandikishia ukimbizi. Hili la mwisho tunalikazia, kwa kuwa wako wanaodhani kuwa wanamhifadhi mkimbizi kwa kumficha. Mataifa yamekubaliana juu ya haki za wakimbizi katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, na nchi za Afrika zikaongeza mkataba wao mwaka 1969, uliosema kuwa kumpa mtu hifadhi si uadui kwa nchi aliyotoka. Kenya nayo ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, ambayo imetaja njia ya mkimbizi kupata kitambulisho na kufanya kazi. Anayefichwa hana lolote katika hayo, na mwenye nyumba anaweza kumtoa usiku bila ya kuogopa. Mwenyeji amshike mkono ampeleke, akae naye katika foleni, amsomee fomu.

Kuhusu zaka, tunaulizwa mara kwa mara kama yafaa kumpa mtu ambaye kwao alikuwa tajiri. Yafaa. Mwenye maduka na mashamba katika nchi asiyoweza kuifikia hana mali leo, na katika mafungu manane ya zaka limo fungu la msafiri aliyekatikiwa njia. Aliyekopa nauli ya mashua akashindwa kulipa anaingia katika wenye madeni. Na zaka kwa asili yake hutolewa pale mali ilipo, na maskini aliyeko pale ni katika watu wa pale, awe amezaliwa hapo au amefika juzi. Sadaka za kawaida mlango wake ni mpana zaidi, na jirani mkimbizi asiyekuwa Mwislamu ana haki nazo pia.

Liko jambo ambalo fedha haiwezi kulitengeneza, nalo ni hali ya wanawake ambao waume zao hawajulikani wako hai au wamekufa. Mwanamke huyu si mjane wala si mke mwenye mume, na kila jirani anamtolea fatwa yake. Kauli mpya ya Imamu Shafi ni kuwa angoje mpaka ithibiti mauti au talaka. Wafuasi wa Imamu Malik wameshika hukumu ya Sayyidna Umar, kuwa angoje miaka 4 tangu shauri lifike kwa kadhi, kisha akae eda ya kufiwa ya miezi 4 na siku 10. Hayo ni ya kadhi kuyapima, hayahukumiwi barazani wala kisimani. Wajibu wetu ni kumfikisha mahakamani na kumpatia mashahidi. Na tunawaonya wanaume wanaosikia kuwa kuna jamaa ya wakimbizi yenye mabinti wakaenda kuposa kwa kuwa mahari ni rahisi na hakuna wajomba wa kuwadai. Abdulrahman alikuwa mkimbizi naye akatoa dhahabu. Wewe mwenyeji mwenye nyumba na kazi utatoa nini?

Watu husema pia: hawa watakaa mpaka lini? Swali hili halikuulizwa na Najashi. Wakimbizi wa mwanzo katika Uislamu walikuja katika bara hili letu la Afrika, Uhabeshi, yapata mwaka 615, na mfalme aliyewapokea alikuwa Mkristo. Makureshi wakapeleka wajumbe na zawadi za ngozi nzuri ili warudishiwe watu wao, naye akakataa kuwatoa bila ya kuwasikiliza. Akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, kisha akawarudishia wajumbe zawadi zao. Wako katika wakimbizi hao waliokaa Uhabeshi zaidi ya miaka kumi, mpaka mwaka wa 7 wa Hijra. Tukitazama Dadaab, ambako kambi zilizofunguliwa tangu 1991 na 1992 kwa watu 90,000 zilikuja kuwa na zaidi ya 400,000 mwaka 2011, na wamo waliozaliwa humo wakaoa na kuzaa humo, tunajua kuwa kumhesabia mkimbizi siku ni kazi bure. Hakuna anayetamani kurudi kwao kuliko yeye. Muhajirina walipofika Madina waliugua homa ya mji ule. Bilal, ambaye Makka iliteswa juu ya kifua chake kwa mawe ya moto, alikuwa akiinua sauti kwa kuyakumbuka mabonde na nyasi za Makka. Mtume (S.A.W.) hakumkemea kuwa hana shukrani kwa watu wa Madina. Aliomba dua kuwa Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Basi mkimuona mgeni wenu amekaa peke yake jioni hataki kuzungumza, mwacheni, au kaeni naye mnyamaze.

Na kwa wale wanaohofu kuwa wageni watawamalizia riziki, iko habari moja ambayo haisimuliwi sana. Ansari walitaka kugawana mitende yao na Muhajirina. Mtume (S.A.W.) hakukubali wagawane ardhi, wakaafikiana kuwa Muhajirina wafanye kazi katika mashamba na matunda wagawane. Wengine walipewa mitende ya kula matunda yake. Ilipofunguliwa Khaibar katika mwaka wa 7, Muhajirina wakapata cha kujitegemea, wakawarudishia Ansari mitende yao. Mama yake Anas alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) mitende, naye alikuwa amempa Ummu Ayman, yule mama aliyemlea. Anas alipokwenda kuidai, Ummu Ayman akamvika nguo shingoni akaapa kuwa haitoi! Mtume (S.A.W.) akawa anamwahidi badala yake kitu hiki na hiki, naye anakataa, mpaka akampa mfano wake mara kumi au karibu ya kumi. Hakumfokea mama mzee aliyeshikamana na mti aliouzoea. Lakini mitende ilirudi kwa wenyewe, na katika miaka ile yote hapana Mwansari aliyesimama mlangoni akaidai.

Mambo haya tumejaribu kuyatia katika kazi ya msikiti wetu. Lile daftari la posho tumeliacha. Sasa tuna daftari jingine, na jamaa inapofika, katibu anaandika jina la kila mmoja kwa ukamilifu, wakubwa na watoto. Anaandika alikuwa akifanya kazi gani kwao na amesoma nini. Kisha anaandika jina la jamaa moja ya hapa mtaani iliyokubali kuwa ndugu zao kwa mwaka mzima. Mshonaji anapelekwa kwa mshonaji, mvuvi kwa mvuvi, na mwenye elimu kwa imamu. Fedha ya kodi ya miezi mitatu hupelekwa kwa mwenye nyumba na mmoja wetu bila ya kutangazwa msikitini, na picha hazipigwi. Wiki hii zimefika jamaa mbili. Ya kwanza imekwisha pata ndugu. Ya pili ni mama na watoto wanne, kwao alikuwa akioka mikate na kuiuza, na nafasi iliyo mbele ya jina lake katika daftari bado ni tupu. Katibu atakuwa amekaa chini ya mwembe baada ya Swala.